Samahani, Nakugeuza

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Bibi naye anaendelea kuyatukana magoti yake, maana siku atakapoacha kuyatukana ndipo tutakapoingiwa na wasiwasi. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, na dirisha limeukaribia ukuta wa jirani kiasi kwamba nikinyoosha mkono nautekenya. Mwambie Bibi hapana, sijaoa, na hapana, si kwa sababu ya ukuta.

Ningepiga simu, lakini najua hupendi kuzungumza habari za kazi yako ndani ya nyumba yenye kuta nyembamba. Kwa hiyo naandika.

Kazi yangu unaijua: wenzangu huchora watu ndani ya kompyuta, mimi huwapa mwendo. Wakitembea, wakiinama, wakijikuna, huyo ni mimi. Sasa nimekwama. Kuna mahali mwanamke mmoja, akiwa peke yake, anatakiwa kumbeba mtu aliyezimia na kumlaza vizuri. Nimejaribu mara ishirini na kila mara anaonekana kama anabeba furushi la nguo chafu. Nilimwomba mwenzangu wa meza ya pili alale sakafuni nimbebe. Tuliishia kucheka, na mgongo wangu mpaka leo unanilaumu.

Wewe umebeba watu miaka ishirini na miwili. Mtu unaanzia wapi?

Salamu zangu kwa magoti ya Bibi.

Wako,
mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako anasema kama ni ukuta, wanawake wapo hata ng'ambo ya ukuta. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, sasa halivuji, nimepanda mwenyewe. Usinigombeze, nimeshashuka.

Haya. Umeniuliza habari za mtu aliyezimia. Mwanangu, mimi si mtoto. Mtu aliyezimia bado anakusaidia bila kujua. Shingo inashikilia kidogo, kiuno kinashikilia kidogo. Huyo unayemtaka wewe hasaidii kitu. Sema tu maiti, neno halimng'ati mtu.

Hunyanyui kwa mikono, unanyanyua kwa miguu. Ukiwa peke yako, usijaribu kumbeba kama bibi harusi, hayo ni mambo ya sinema. Unasimama ubavuni. Mguu wake wa mbali unaukunja juu ya ule wa karibu. Mkono wa mbali unaulaza kifuani. Kisha kiganja kimoja begani, kimoja nyongani, unamvuta kuja kwako, na uzito wake wenyewe unamgeuza. Shuka unaliingiza hapo chini. Ukishapata shuka, kazi imekwisha, unamburuta polepole. Na kama zimepita saa chache, anza kuangalia taya na shingo, ndiko ugumu unakoanzia. Mwanamke wako akimkuta mtu amekauka, asilazimishe. Asubiri. Mwili utalegea wenyewe kesho kutwa.

Na mimi huwa nawasemesha. Usicheke. Kabla sijamgusa mtu namwambia, "Samahani, nakugeuza." Mzee, kijana, aliyekuja na walinzi, aliyeokotwa njiani, wote. Wenzangu wa zamu hapa chumba cha maiti wanajua kwamba huwa nanong'ona, ila hawajui nanong'ona nini, na wameacha kuuliza. Sijui kwa nini nakwambia wewe. Labda kwa sababu umeniuliza vizuri.

Kula vizuri. Usibebe watu ovyo.

Shangazi


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya kompyuta. Ule mguu wa mbali! Wiki sita nilikuwa najaribu kumgeuza mtu ambaye miguu yake yote miwili inanipinga. Jana mwanamke wangu amemgeuza mtu wa kwanza, na chumba kizima kilinyamaza. Hata bosi wetu, ambaye hanyamazi hata akiwa anatafuna.

Uliuliza, au hukuuliza lakini nimesikia umeuliza, ni kazi ya aina gani. Ni hadithi ya vita inayochezwa kwenye kompyuta. Ndefu kidogo kuieleza. Nitakueleza ikiisha.

Mpe Bibi pole ya mvua.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Wazima. Bibi amepata fimbo mpya na sasa anapigia watu wala haiegemei.

Jumanne iliyopita, saa nne ya chai, yule bwana wa eksirei alikaa karibu yangu na simu yake. Unamjua kwa barua zangu, yule anayecheza magemu mpaka macho yanakuwa mekundu, halafu anasema ni vumbi la mashine. Akasema, "Sikia hii, mama. Bodi ya Ukaguzi imeuzuia mchezo mmoja wa vita. Mwanamke anapiga watu risasi, kisha anawarudia walewale aliowaua, anawabeba, anawapanga. Eti ni kuwadhalilisha wafu."

Nikasema, "Watu wana kazi."

Akasema, "Subiri, bado. Kabla hajamgeuza kila mmoja anamwambia, samahani, nakugeuza." Akacheka. "Nani anaongea na maiti?"

Niliweka kikombe chini. Nilirudi ndani, walikuwepo watatu wananisubiri, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nilimgeuza mtu nikiwa kimya, kwa sababu nilisikia maneno yangu mdomoni kama ya kuigiza.

Uliniambia hadithi. Hukuniambia kwamba mwanamke wako anaua kwanza ndipo apate maiti wa kubeba. Ningekupa mguu wa mbali, ningekupa mkono wa kifuani, hiyo ni kazi, nawafundisha hata wanagenzi. Lakini yale maneno sikukupa uyatumie. Nilikuambia tu. Kuna tofauti, na mtu niliyemlea mimi anaijua.

Shangazi


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na kosa, maana ukiliacha la mwisho linaonekana dogo. Nilijua. Nilipokuwa nayaandika yale maneno nilijua kwamba sikuomba ruhusa, na nilijiambia nitaomba ikiisha, na nilijua hiyo ni njia ya mwizi. Nisamehe.

Lakini naomba unisikilize, kwa sababu magazeti yameandika nusu.

Mchezo uko hivi. Kuna mji, kuna vita ndani ya mji, na wewe ni mwanamke askari mwenye amri ya kulifikisha jeshi lake upande wa pili. Unapiga risasi, ndiyo. Unapiga sana. Halafu vita vinasogea mbele, wewe unarudishwa nyuma peke yako, mtaa uleule, na wote uliowaua wako palepale. Mlangoni ulikompiga wa kwanza, yupo. Ngazini ulikompiga wa tano, yupo. Na huwezi kuendelea mpaka umemgeuza kila mmoja, umemlaza vizuri barabarani ili ndugu zake wamwone asubuhi. Ukiwa umeua sita, una sita. Ukiwa umeua arobaini kwa kujifurahisha, Shangazi, una arobaini, na mgongo wako unajua. Watu tuliowapa wajaribu, mara ya pili walianza kupiga risasi kwa ubahili.

Bodi wametuita. Damu hawakuisema sana. Wamesema maiti wasibaki. Ukimpiga mtu, baada ya sekunde tatu ayeyuke kama sukari kwenye chai. Na yale maneno yatoke, kwa sababu "yanamfanya mchezaji awe na uhusiano usiofaa na marehemu." Tukikubali, watatupa daraja la watoto wa miaka kumi na sita. Yaani kuua ni sawa, mradi usione uliyemuua. Tukikataa, mchezo haupiti kabisa. Bosi ametupa mpaka rufaa itakaposikilizwa, lakini naona macho yake yameshaanza kuyeyusha watu.

Mimi sikuchukua maneno yako ili niyachezee. Niliyachukua kwa sababu bila yale, mwanamke wangu alikuwa anapanga magogo. Alipoyasema ndipo wakawa watu.

Najua hili halifuti lile.

Mwanao


29 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu. Najua posta haina kosa. Nimempigia Bibi, akaniambia uko mzima, uko kazini, na kwamba nisimtumie yeye kama daraja, magoti yake hayawezi.

Rufaa ni mwisho wa Septemba. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakusalimu tu.

Mwanao


30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Tuko wazima. Barua zako nilizipata kwa wakati. Nilikuwa naandika hii na kuichana.

Nilipoisoma ile ya maiti kuyeyuka nilicheka peke yangu, mwanagenzi akadhani nimechanganyikiwa. Kwangu hakuna aliyeyeyuka kwa sekunde tatu. Wapo niliokaa nao miezi saba wakingoja mtu aje aseme huyu ni wetu. Kama hao wa Bodi wana njia, waje wanifundishe, jokofu limejaa.

Kwa hiyo katika hilo, uko sahihi. Nimesema. Sasa ngoja nikueleze lile jingine.

Ulikuwa na miaka sita baba yako alipofariki. Uliambiwa wanaume wa ukoo walikwenda hospitali wakampokea, wakamwandaa, akazikwa. Hayo ndiyo ukoo wote unayoyajua, na Bibi naye anajua hayohayo.

Baba yako alikuwa mlinzi kwenye ghala. Waliokuja kuiba walikuwa na bunduki, yeye alikuwa na tochi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba asubuhi ile mimi nilikuwa napiga deki palepale hospitalini, nilikuwa mfagizi, na mzee wa chumba cha maiti alikuwa peke yake. Akanishika kwenye korido, "Binti, njoo unishikie upande mmoja, ni mzito." Nikaingia na glavu zangu za kusugulia sakafu. Akafunua shuka.

Sikusema kwamba ni kaka yangu. Sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba nikisema, nitatolewa nje, na yeye atabaki na mtu asiyemjua.

Na tulikuwa tumenuniana, mwanangu. Miezi minne. Alikuwa amenitania mbele ya wageni kwamba kwa ulimi huu nilio nao sitaolewa hata na kiziwi. Watu walicheka. Mimi nilibeba mkoba wangu nikaondoka, akaja mlangoni kwangu mara mbili, sikufungua. Mara ya pili alikaa nje muda mrefu. Nilikuwa nasikia anavyokohoa.

Mzee akasema, "Haya, vuta." Nikavuta. Sikusema neno, nilivuta tu, kama gunia, kwa sababu nilitaka jambo lile liishe. Mkono wake ulikuwa haujawekwa kifuani. Ukateleza, ukagonga meza. Meza ile ni ya bati. Ile sauti sitakuandikia.

Aliyefuata, wiki mbili baadaye, nilipoomba kazi hiyo na kupewa maana hakuna aliyeitaka, nilimwambia samahani, nakugeuza. Na kila mmoja tangu siku hiyo. Sasa unajua ninamwambia nani.

Sikuagizi uyatoe maneno. Sikuagizi uyaache. Wewe ni mtu mzima na kazi ni yako, na naona uliitaka iwe kazi ya kweli. Lakini bwana wa eksirei amenionyesha kipande chenu kile cha tangazo, na kuna kitu umekosea. Mwanamke wako anasema "samahani, nakugeuza" huku tayari anageuza. Sivyo. Unasema, halafu unasubiri. Si kwamba watajibu. Unasubiri kwa sababu mtu aliyeombwa radhi anapewa nafasi.

Bibi amelala. Barua hii usimsomee.

Shangazi


9 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nilitoka nikatembea, sikumbuki mitaa gani, nikarudi viatu vimelowa. Sina la kusema juu ya baba ambalo linafaa kwenye karatasi. Nilidhani nimeiba maneno yako, kumbe nimeiba na ya nyumbani kwetu bila kujua.

Nikaenda kwa bosi nikamwambia maneno nayatoa. Akafurahi, akadhani nimekuwa mtu wa kuelewana. Nikamwambia maiti wanabaki, wote, na nataka kuongeza kitu mahali pa maneno. Akauliza, "Kitu gani?" Nikamwambia, "Hakuna." Nikamwonyesha. Mwanamke anapiga magoti, anaweka kiganja begani, anabaki hivyo. Sekunde nne. Ukibonyeza chochote, hafanyi. Halafu anageuza, mkono wa mbali umelazwa kifuani kwanza, kila mara, sitaruhusu uteleze hata mara moja.

Bosi alisema wateja watadhani mashine imekwama. Siku ya pili akasema, "Iache."

Rufaa ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Septemba, kwenye chumba chenye viti vya mikutano na feni moja inayolia. Wajumbe watatu. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, miwani kwenye kamba. Tulimwonyesha mtaa wote, bunduki na yote. Alikuwa anaandika. Tulipofika pale kwenye magoti aliacha kuandika.

"Kijana," akasema, "hapa anafanya nini?"

"Anasubiri, mama."

"Anasubiri nini?"

"Anasubiri tu."

Mjumbe wa kushoto akafunua mwongozo wao, akapekua mbele na nyuma. "Mheshimiwa, kugusa kupo. Kusemesha kupo. Kusubiri sikuoni."

"Hakuna kifungu cha kusubiri?"

"Hakuna."

Yule wa kulia alisema hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba afadhali hata damu, damu mtu anaizoea. Nilitaka kumshika mkono nimshukuru, alikuwa ameuelewa mchezo kuliko bosi wetu. Alipiga kura ya kutukataa. Wengine wawili walitupitisha: watu wazima tu, miaka kumi na minane, onyo kubwa kwenye kasha, na damu ipunguzwe kwa nusu. Tumekaa siku tatu tukibishana nusu ya damu ni kiasi gani. Mwenzangu wa meza ya pili amependekeza tuiache rangi ileile na tuipunguze sauti.

Watoto hawatauona, na nadhani hilo ni sawa. Maneno hayamo, na Bodi wanaamini ni wao walioyatoa. Nimewaachia wafurahi.

Nimeomba likizo ya Desemba. Nije?

Mwanao


1 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Bibi mzima, fimbo imevunjika, hakuna anayeniambia mgongoni mwa nani.

Jumamosi bwana wa eksirei alinikaribisha kwake, mkewe akaniwekea kiti cha mbele, wakanipa kile kidude cha kushika kwa mikono miwili. Sijui nani alikitengeneza, lakini huyo hakuwa na vidole vya kawaida. Nilikufa mara kumi na moja kabla ya kutoka kwenye uchochoro wa kwanza. Mkewe alikuwa anahesabu kwa sauti, sikuipenda tabia hiyo.

Halafu mkono ulizoea. Na nitakuambia kweli, maana nimechoka kuficha mambo. Wa tatu nilipompiga nilisema "Ee!" kama mtu aliyefunga goli. Wa nne nilimfuata mwenyewe, alikuwa anakimbia, angeweza kuachwa. Mimi! Nilipofika tisa bwana wa eksirei akasema, "Mama, wewe ni hatari." Na nilijisikia vizuri. Ningependa kukuambia sikujisikia vizuri.

Kisha nikarudishwa nyuma, na yule aliyekuwa anakimbia alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha duka.

Alipiga magoti mwanamke wako. Akaweka kiganja. Mke wa bwana wa eksirei akasema, "Imekwama hii," mumewe akamwambia nyamaza. Umekitengeneza vizuri kiganja, mwanangu. Vidole havikubani, vimepumzika. Sijui ulionea wapi, hilo sikukuandikia. Sikumaliza wote tisa. Wanne niliwalaza, nikaomba maji ya kunywa, nikawaaga. Njiani kurudi nilipita kwenye ile nyumba niliyokuwa napanga zamani. Mlango wameupaka rangi ya kijani. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda zangu kumpikia Bibi.

Yule mjumbe aliyewakataa ana haki ya kukataa, mimi mwenyewe sijui kama ningewapitisha. Ile "Ee!" bado inanikaa vibaya. Lakini wasingekuwa wamebaki pale, ningerudi nyumbani nikijiona bingwa.

Njoo Desemba. Bibi nimemwambia, yote, jana asubuhi, tukiwa tunamenya viazi. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akaniuliza, "Ulikuwa naye wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akachukua kingine. Tangu jana ananiita kwa jina langu la utotoni.

Na nimezungumza na mkubwa wangu wa kazi. Si kawaida, ila amekubali, saa ya chai, dakika chache. Kaburi unalijua. Nataka nikuonyeshe alikolala kabla. Ni meza ya tatu kutoka dirishani. Bado tunaitumia, naifuta mwenyewe kila siku.

Shangazi yako